Usukani unatetemeka ukikanyaga breki, lakini pedi bado nene. Breki hizi ni nzima kweli?

#1 Gia_Tatu
Wakuu salaam. Gari lina diski mbele na ngoma nyuma. Ukikanyaga breki ukiwa kati ya kilomita 80 na 100 kwa saa, usukani unacheza kushoto na kulia. Chini ya 50 umetulia kabisa. Pedi za mbele zimebaki milimita 6 kushoto na kulia. Mafuta ya breki yako katikati ya MIN na MAX, taa haiwaki, hakuna kelele. Fundi kaangalia pedi akasema breki hazina shida, kafanye balansi ya tairi.

Msimamo wangu ni kwamba unene wa pedi hauwezi kuwa kipimo pekee cha breki. Wajuzi, huu mtetemo ni wa nini, na ni dalili zipi zinazotangulia kabla pedi hazijaisha?

#2 Spana_Kumi
Balansi ikiwa mbovu, usukani hutetemeka hata mguu ukiwa mbali na breki. Fika mwendo huohuo, achia mafuta, usikanyage kitu. Ukitulia, kisha ukaanza kucheza pale tu unapokanyaga, achana na balansi. Usukani ukicheza, tafuta mbele. Ukisikia kwenye kiti na kwenye pedali huku usukani umetulia, tafuta nyuma, mara nyingi ngoma imepoteza uduara.

Kwa maelezo yako, diski za mbele zimepinda. Zichongwe au zibadilishwe, mbili kwa pamoja.

#3 Mikroni
#2 jaribio lako ni sahihi, ila hapo kwenye "zimepinda" nakupinga. Diski ya chuma cha kumimina haipindi kirahisi hivyo. Kinachotokea mara nyingi ni unene kutofautiana sehemu moja na nyingine ya diski ileile. Tofauti ya mikroni 15 hadi 20 (milimita 0.015 hadi 0.02) inatosha mkono kuisikia. Sehemu nene ikipita kati ya pedi, pistoni inayosukuma pedi inarudishwa nyuma. Sehemu nyembamba ikipita, inarudi. Mchezo huo ndio unaofika kwenye usukani.

Tofauti hiyo inaanzia wapi? Diski ikikaa upande kidogo kwenye habu (kitako ambacho diski na tairi hufungwa juu yake), kila mzunguko inagusa pedi mahali palepale hata kama hujakanyaga breki, na pale inapogusa inalika. Ndiyo maana gari hutoka gereji limetulia na mtetemo ukaja baada ya kilomita elfu kadhaa. Sababu za kukaa upande ni kutu kati ya habu na diski, au nati za tairi kukazwa kwa bunduki ya upepo bila kufuata mpangilio wa msalaba.

Namna ya kupima: toa tairi, rudisha nati na washa zake ili diski ikae imekazwa, weka geji ya saa (kipimo chenye mshale, kinachoonyesha diski inavyoyumba) milimita 10 kutoka ukingo wa nje, zungusha taratibu. Watengenezaji wengi hawaruhusu diski iyumbe zaidi ya milimita 0.05 au karibu na hapo. Kisha pima unene kwa maikromita sehemu 8 kuzunguka diski. Usitumie vernia ya kawaida, kwa kazi hii haisomi kwa usahihi unaohitajika.

#4 Mzee_wa_Ngoma
Mikroni kaeleza vizuri, lakini kuna njia nyingine ya kupata unene usio sawa bila habu kuwa na kosa lolote. Dereva anashuka mteremko mrefu kwa breki tu, diski inachemka, anafika chini anasimama na mguu umebana pedali. Pedi zikiwa za moto kiasi hicho zinaacha utando wake pale zilipobana. Utando huo unabana zaidi ya sehemu nyingine, unapata joto zaidi, na unazidi kukua. Angalia uso wa diski kwenye mwanga: ukiona mabaka ya bluu au alama yenye umbo la pedi, jibu lako ndilo hilo.

Vilevile pedi mpya ambazo hazikuzoeshwa. Zikifungwa, zikanyagwe kiasi kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa, kama mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, na nafasi ya kupoa katikati. Wengi hukabidhi gari bila hatua hiyo.

#5 Bushi_Chakavu
Wote mnaangalia diski. Shika tairi gari likiwa juu ya stendi, litikise saa tatu na saa tisa, kisha saa kumi na mbili na saa sita. Ingiza bomba la kusukumia kwenye bushi (mipira ya viungo) za mkono wa chini wa saspensheni uone zinacheza kiasi gani. Diski yenye kasoro ndogo kwenye gari lenye bushi nzima, dereva haisikii. Kasoro hiyohiyo kwenye gari lenye bushi zilizopasuka inatikisa usukani mzima. Ukiweka diski mpya, mtetemo utatulia kwa muda, na utarudi mara diski zikipata kasoro kidogo tu.

#6 Spana_Kumi
Bushi_Chakavu kila uzi lazima tufike kwenye bushi 😀 Lakini hilo la kutikisa tairi lifanyike kweli, hata beringi iliyolegea inayumbisha diski.

#7 Nipeli
Gia_Tatu, hizo milimita 6 umepima pedi ipi? Ukichungulia kupitia matundu ya rimu unaona pedi ya nje tu. Kila gurudumu lina pedi mbili, na ya ndani, upande wa pistoni, ndiyo huisha kwanza kalipa (kibano kinachobeba pedi) ikiwa na shida. Kuna magari mengi ambayo ya nje ina milimita 7 na ya ndani imebaki bati tupu.

#8 Mwanafunzi_wa_Gereji
Naomba kuuliza kabla hamjafika mbali. Mimi nilifundishwa kwamba breki zikihitaji kazi zitapiga kelele zenyewe. Sivyo?

#9 Nipeli
#8 si hivyo tu. Pedi nyingi zina kijibati kidogo ambacho hugusa diski zikibaki kama milimita 2 au 3, kikatoa mlio mwembamba mkali. Lakini si pedi zote zina kijibati. Nyingine zina waya unaowasha taa, na nyingine hazina chochote. Kwenye magari mengi kijibati kipo kwenye pedi moja tu ya kila gurudumu, kwa hiyo fundi akiifunga mahali pasipo pake kinaweza kunyamaza hadi mwisho.

Kelele nazo hazifanani. Mlio mwembamba asubuhi ukikanyaga mara mbili tatu halafu unapotea ni kutu ya usiku au unyevu wa mvua, acha. Mlio mwembamba unaobaki kila unapokanyaga, kagua pedi. Ukisikia kukwaruza kizito, chuma kwa chuma, usiendelee kuendesha: bati la pedi linakula diski. Mgongo wa pedi ukikosa shimu (kibati chembamba cha kuzuia mlio) na grisi yake, au klipu zikilegea, zitalia hata zikiwa mpya. Mkwaruzo wa mfululizo bila kukanyaga breki huenda ni jiwe lililoingia kati ya diski na kinga yake ya vumbi, na hilo halihitaji kununua kitu.

Pedi mpya huja na milimita 10 hadi 12 za liningi, ile sehemu inayosugua diski. Ikifika 3, badilisha ekseli nzima, kushoto na kulia. Pima liningi peke yake, usihesabu bati lake.

#10 Mzee_wa_Ngoma
Na diski pia ina mwisho wake. Unene wa chini umechapwa kwenye kofia ya diski au ukingoni, tafuta MIN TH. Diski ya mbele iliyoanza na milimita 22 mara nyingi mwisho wake ni 20. Watu wanabadilisha pedi mara tatu kwenye diski ileile, ukingo umesimama kama bakuli. Diski nyembamba inabeba joto kidogo, kwa hiyo inachemka haraka na breki zinafifia mteremkoni. Kwenye ngoma ni kinyume, kilichochapwa ni kipenyo cha juu kabisa kinachoruhusiwa. Kwa hiyo #2, kabla ya kusema zichongwe, pima kwanza kama kuna nyama ya kuchonga.

#11 Spana_Kumi
Hilo nalikubali.

#12 Kanyaga_Taratibu
Jambo ambalo bado halijaguswa ni pedali yenyewe. Kwangu mimi hiyo ndiyo dalili ya kwanza, mguu unajua kabla ya sikio. Tofautisheni haya, kwa sababu watu wanaita yote "breki zimelegea" halafu wanabadilisha kitu kisicho kibovu.

Pedali inashuka sana kabla ya kushika: kanyaga haraka mara mbili. Ikipanda juu na kuwa ngumu, nafasi ni kubwa mno mahali fulani, kwa kawaida breki shuu za nyuma (zinazobana ngoma kwa ndani) hazijakazwa karibu na ngoma. Ili kuthibitisha, vuta hendibreki kisha kanyaga tena. Pedali ikiwa juu zaidi, shuu ndizo zenye kosa. Ikipanda lakini inabonyea kama sponji, kuna upepo kwenye mfumo.

Pedali inashika vizuri, halafu ukiibana ukiwa umesimama inazama polepole hadi chini: kama hakuna tone linalovuja popote, sili za ndani za masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) zimechoka. Mafuta yanapita kurudi kwenye kikopo cha mafuta ya breki, ndiyo maana kiwango hakishuki na watu wanasema "haivuji".

Pedali ngumu kama jiwe na gari halisimami: shuku busta, kifaa kinachoongezea mguu nguvu kwa vakyumu. Zima injini, kanyaga mara nne au tano hadi iwe ngumu, ibane, washa injini. Inatakiwa ishuke kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, kagua mpira wa vakyumu na valvu yake ya njia moja kwanza, kabla hujanunua busta. Kwenye dizeli kagua na pampu ya vakyumu.

Na pedali inayopiga-piga chini ya mguu ukikanyaga kwa nguvu kwenye utelezi, hiyo ni ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge) inafanya kazi yake. Ila ikipiga hivyo kwenye lami kavu unapokaribia kusimama, safisha sensa za magurudumu na uangalie pete zake kama zimepasuka.

#13 Mwanafunzi_wa_Gereji
Shukrani, nimepata mengi. Sasa kiwango cha mafuta kikishuka, si unaongeza tu?

#14 Tone_la_DOT
Hapana mdau, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mafuta ya breki hayapungui kwa kutumika kama ya injini. Yakishuka kuna mambo mawili: pedi zimelika, kwa hiyo pistoni zimetoka na mafuta yamezifuata nyuma, au kuna mahali panavuja. Ukiongeza hadi MAX na pedi zimelika, siku ya kufunga pedi mpya pistoni zikirudishwa mafuta yanafurika na kubabua rangi ya gari. Na kama panavuja, umeficha dalili. Kiwango kilichoshuka taratibu kwa miezi ni ishara ya kukagua pedi. Kilichoshuka ndani ya siku chache ni ishara ya kutafuta uvujaji: nyuma ya ngoma, kwenye mipira, na chini ya busta pale masta silinda inapofungwa.

Pili, mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani. DOT ni daraja la mafuta ya breki: DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishika maji asilimia 3.7 kiwango cha chini kinakuwa 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Mteremko mrefu unafikisha joto hilo kwenye kalipa, mafuta yanachemka, mvuke unabanika kirahisi, na pedali inaenda chini. Breki zikipoa zinarudi kama hakuna kilichotokea, ndiyo maana gereji wanakosa kosa. Magari mengi yanataka mafuta yabadilishwe kila miaka 2, hata kama gari limeegeshwa tu.

#15 Spana_Kumi
Kwa hiyo mwenye DOT 3 akiweka DOT 5 amepanda daraja?

#16 Tone_la_DOT
La hasha! DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na 3, 4 wala 5.1, na haitakiwi kwenye mfumo wa ABS wa kawaida. Unayoweza kuhamia ni 4 au 5.1, kama kifuniko cha kikopo au kitabu cha gari kinaruhusu. Na usitumie chupa iliyokaa wazi.

#17 Gia_Tatu
Nimerudi. Nipeli ulikuwa sahihi kuuliza, zile milimita 6 ni za pedi za nje. Kalipa zimefunguliwa: kushoto ndani milimita 5.5, kulia ndani milimita 3. Kuna mabaka meusi kwenye diski ya kulia. Tairi na bushi hazichezi.

#18 Mzee_wa_Ngoma
Mabaka hayo! Upande wa kulia ulikuwa unachemka kuliko wa kushoto, utando umeganda.

#19 Nipeli
Na chanzo cha kuchemka ni pini za kalipa. Kalipa ya aina hii inaelea: pistoni inasukuma pedi ya ndani, kisha mwili wa kalipa unateleza kwenye pini na kuvuta ya nje. Pini zikikwama, ya ndani inafanya kazi peke yake. Zitoe, zisafishe kwa brashi na kisafishio cha breki, kagua mipira yake ya vumbi, paka grisi ya silikoni ya breki kwa uchache. Usipake grisi ya kawaida ya beringi, inavimbisha mpira na pini inakwama upya. Baada ya hapo kila pini iteleze kwa vidole viwili.

#20 Kanyaga_Taratibu
Usiishie kwenye pini. Pistoni isiyorudi nayo inakula pedi ya ndani, na mpira wa breki uliovimba ndani unafanya vilevile: mafuta yanaenda ukikanyaga, hayarudi ukiachia. Fanya hivi. Nyanyua gari, weka stendi, kanyaga breki uachie, zungusha gurudumu kwa mkono. Likiwa zito, fungua nipeli ya kutolea upepo robo mzunguko huku mpira mwembamba ukielekea kwenye chupa. Likilegea ghafla, shinikizo lilikuwa limefungiwa, kwa hiyo tafuta kwenye mpira, au masta silinda kama magurudumu mengine nayo ni mazito. Likibaki zito, ni pistoni au pini.

#21 Spana_Kumi
Nyongeza ndogo: ungeona gari linavuta upande ukikanyaga, nalo lingesaidia. Linavuta kuelekea upande unaoshika zaidi. Gia_Tatu hujasema kama linavuta.

#22 Gia_Tatu
Halivuti. Gurudumu la kulia lilikuwa zito kidogo, nipeli ilipofunguliwa limebaki zito vilevile. Pini ya chini imetoka kwa nyundo, ya juu inateleza.

#23 Nipeli
Pini, nilisema.

#24 Mikroni
Pini inaeleza pedi ya ndani kulika. Bado haijaeleza kwa nini unene wa diski ungetofautiana. Geji imesoma ngapi?

#25 Umeme_na_Breki
Nachomekea kidogo mkisubiri geji. Wenye haibridi na magari ya umeme, uzi huu unawahusu kuliko mnavyodhani. Mota inafanya sehemu kubwa ya kupunguza mwendo, kwa hiyo pedi zinadumu sana, lakini diski zinashika kutu na pini zinakwama kwa kukaa bila kazi. Pedi nene hapo ndiyo inayodanganya zaidi. Toeni pini zipakwe grisi hata kama liningi iko milimita 9, na mafuta ya breki yanazeeka vilevile. Na mwenye hendibreki ya umeme asirudishe pistoni ya nyuma kwa klempu kabla ya kuiweka kwenye hali ya matengenezo, kwa kifaa cha skani au kwa utaratibu wa kitabu. Mota yake ndogo na skrubu ya ndani vinaweza kuvunjika.

#26 Mwanafunzi_wa_Gereji
Na pistoni za nyuma za hendibreki ya waya?

#27 Umeme_na_Breki
Nyingi huzungushwa zikirudi, hazibanwi tu moja kwa moja. Tumia kifaa chenye meno yanayoingia kwenye nafasi za pistoni, na mwisho nafasi hizo zikae pale chuchu ya pedi inapoingia.

#28 Gia_Tatu
Geji, diski ya kulia: milimita 0.09. Habu ina kutu. Imesuguliwa kwa brashi ya waya hadi chuma kikang'aa, diski ikafungwa upya na nati kukazwa kwa msalaba: 0.06. Diski ikageuzwa tundu moja la nati mbele: 0.04. Unene sehemu 8: kati ya 20.91 na 20.94, mwisho wake 20. Kushoto 0.03, unene hautofautiani hata 0.01.

#29 Mikroni
Asante kwa vipimo. Tofauti ya mikroni 30 kwenye unene, juu ya kiwango cha kusikika. Habu ndiyo iliyoanzisha.

#30 Mzee_wa_Ngoma
Unene umepimwa juu ya mabaka, Mikroni. Utando nao una unene. Sugua diski kwa msasa wa kati kwa mduara, futa kwa kisafishio, pima tena. Tofauti ikishuka chini ya 0.01, chuma hakijalika, ni utando tu na diski inabaki.

#31 Bushi_Chakavu
Gia_Tatu anasema bushi hazichezi kwa mkono. Zipimwe na uzito ukiwa juu ya magurudumu, mtu akanyage breki huku gari likisogezwa mbele na nyuma. Bushi ya nyuma ya mkono wa chini hujificha kwenye stendi.

#32 Nipeli
Lolote litakalofuata, pedi seti nzima ya mbele, maana ya ndani kulia imefika 3. Na kabla ya kurudisha pistoni fungua nipeli, mafuta machafu yatoke hapo badala ya kurudi kwenye ABS.

#33 Tone_la_DOT
Kisha maliza kwa kubadilisha mafuta yote. Kwenye magari mengi unaanza gurudumu la mbali zaidi na masta silinda, ila mengine yana mpangilio wake, fuata kitabu. Weka kipande cha ubao chini ya pedali isiende hadi mwisho, maana kwenye masta silinda kuukuu sili zikipita sehemu yenye kutu zinachanika.

#34 Gia_Tatu
Baada ya msasa: kati ya 20.90 na 20.92. Imepungua, haijaisha.

#35 Mikroni
0.02 ni ya chuma.

#36 Mzee_wa_Ngoma
Na 0.01 iliyotoka ilikuwa utando. Hiyo 0.02 ni mpakani, pedi mpya zikizoeshwa vizuri huenda zikaisawazisha. Funga, zoesha, kisha ijaribiwe kwenye 90.

#37 Bushi_Chakavu
Na ile ya kusogeza gari mbele na nyuma, bado hujajibu.